Feroze Gandhi: mkwe aliyemng'oa Waziri wa Fedha

Mwalimu wa somo la uraia katika shule moja ya sekondari ameniletea swali hili: "Nimesoma kwamba mwaka 1958 Waziri wa Fedha wa India alijiuzulu kwa sababu ya mbunge mmoja aitwaye Feroze Gandhi. Huyu ni mtoto wa Mahatma? Nasikia alikuwa wa chama tawala, tena mkwe wa Waziri Mkuu. Sasa mbunge asiye na wizara wala cheo aliwezaje kumng'oa waziri wa serikali ya chama chake mwenyewe? Na yeye alipata nini?"

Mwalimu, asante sana. Umenigusa pale ninapopapenda. Nimekaa mezani mbele ya Spika kama katibu kwa miaka mingi, nikipokea maswali ya wabunge na kuyapanga, na kila nilipotakiwa kumweleza mbunge mgeni kwa nini swali la nyongeza lina uzito kuliko hotuba ya saa nzima, mfano wangu wa kwanza ulikuwa huyu huyu Feroze. Kwa hiyo nitakujibu kwa urefu, na utaniwia radhi nikikawia kwenye hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za Bunge, kuliko kwenye maisha ya nyumbani kwake.

Nianze na jina, maana ndilo linalowachanganya wengi. Feroze Jehangir Ghandy alizaliwa Bombay tarehe 12 Septemba 1912, katika familia ya Waparsi wenye asili ya Bharuch, Gujarat. Waparsi ni wafuasi wa Zarathustra, dini ya kale ya Uajemi, ambao mababu zao walihamia pwani ya magharibi ya India zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Wazee wa Unguja wanawakumbuka. Familia ya Bulsara, ambamo mwimbaji Freddie Mercury alizaliwa Zanzibar mwaka 1946, ilikuwa ya Waparsi. Mahatma, kwa upande wake, alikuwa Mhindu kutoka Porbandar. Wote wawili asili yao ni Gujarat, lakini undugu hapana. Gandhi ni jina la kazi, la wauza manukato na viungo, na huko kwao wapo Wahindu na Waparsi wanaolitumia bila kujuana, kama mtu wa Mombasa anavyowajua kina Merchant wawili wasio na ukoo mmoja. Feroze alipoingia kwenye harakati za uhuru alianza kuliandika kama Mahatma alivyoliandika lake, na likabaki hivyo. Ndiyo maana mkewe Indira, wanawe Rajiv na Sanjay, Sonia mke wa Rajiv na mjukuu Rahul wote wanaitwa Gandhi: wamelipata kwa Feroze.

Aliingiaje kwenye harakati? Baba yake, aliyekuwa mhandisi wa meli, alifariki Feroze akiwa bado mdogo, akalelewa Allahabad kwa shangazi yake, daktari wa upasuaji katika hospitali ya wanawake ya mji ule. Mwaka 1930 alikuwa kijana wa chuo, Ewing Christian College, aliyekuwa hana habari kubwa na siasa. Siku moja wanawake wa chama cha Congress walikuja kuandamana nje ya chuo wakiongozwa na Kamala Nehru, mke wa Jawaharlal Nehru, ambaye baadaye angekuwa Waziri Mkuu wa kwanza wa India huru. Wanafunzi wa kiume walikuwa wamekaa juu ya ukuta wakitazama. Jua lilikuwa kali, Kamala akaishiwa nguvu na kuzimia. Feroze aliruka chini kumsaidia. Kesho yake akaacha masomo akajiunga na kupigania uhuru, na haukupita muda mrefu akawa mfungwa katika gereza la Faizabad pamoja na Lal Bahadur Shastri, ambaye baadaye angekuwa Waziri Mkuu.

Kamala aliugua kifua kikuu kwa muda mrefu. Mumewe alikuwa akiingia na kutoka gerezani, na kijana huyu wa Kiparsi akawa miongoni mwa waliomuuguza, kuanzia sanatoria ya Bhowali hadi Ulaya, alikofariki Lausanne mwezi Februari 1936. Humo ndimo alimojuana vizuri na binti yake, Indira. Walifunga ndoa Allahabad tarehe 26 Machi 1942. Nchi nzima ilizozana: Mhindu wa tabaka la Brahmin aolewe na Mparsi? Barua za matusi zilimfikia hata Mahatma, naye akawatetea hadharani. Miezi sita haikuisha, bwana na bibi harusi wote wawili wakawa gerezani, kwenye wimbi la ukamataji lililofuata harakati ya "Ondokeni India". Rajiv alizaliwa 1944, Sanjay 1946.

Sasa jambo ambalo usiliache, mwalimu, kwa sababu bila hilo yaliyofuata hayaeleweki: Feroze alikuwa mtu wa magazeti. Baada ya vita alikuwa mkurugenzi mtendaji wa National Herald, gazeti la Lucknow lililoanzishwa na Nehru mwaka 1938. Alizijua gharama za karatasi, alijua mhariri analalaje usiku baada ya kuchapa habari ya tajiri mwenye mawakili. Mengi aliyoyafanya bungeni baadaye aliyafanya kwa macho ya mtu wa chumba cha habari.

Uchaguzi mkuu wa kwanza wa India huru ulifanyika kuanzia 1951 hadi 1952, naye akashinda kiti cha Rae Bareli, Uttar Pradesh. Mkewe alimfanyia kampeni. Walipohamia Delhi, Indira alikaa na watoto katika makazi ya Waziri Mkuu, Teen Murti, akiwa mwenyeji wa wageni wa baba yake, na Feroze akawa na nyumba yake ya ubunge. Nimesoma mengi yaliyoandikwa juu ya ndoa ile na sitayarudia hapa. Itoshe kujua kwamba mtu huyu aliingia ukumbini kila asubuhi akiwa mbunge wa Congress, anakaa viti vya upande wa serikali, na anayeongoza serikali hiyo ni baba mkwe wake. Wewe na mimi tunajua uzito wa neno mkwe. Kwetu mkwe hamnyooshei kidole baba mkwe hata chumbani, sembuse mbele ya taifa.

Miaka ya mwanzo hakuwa msemaji. Alikaa, akasikiliza, akasoma. Kwenye Ukumbi wa Kati wa jengo la Bunge, wanapokutana wabunge na waandishi kunywa chai, ilikuwapo kona aliyozoea kukaa, hata ikaitwa kona ya Feroze. Hapo ndipo watu walipomletea habari, naye akizipata hakukimbilia kusimama. Alizipeleka nyumbani akazikagua.

Alipofunua kinywa, Desemba 1955, alizungumzia bima ya maisha. Sikia jinsi alivyochagua vizuri. Bima ya maisha ni fedha ya mtu wa kawaida: karani, mwalimu, mfanyakazi wa reli, anatoa kidogo kidogo kila mwezi ili akifa watoto wasiombe. Wakati ule kampuni hizo zilikuwa mikononi mwa watu binafsi, na baadhi ya wenye kampuni walikuwa wakizichota fedha za wateja kuendeshea biashara zao nyingine. Feroze alimtaja Ramkrishna Dalmia, mmoja wa matajiri wakubwa kabisa wa nchi, akaeleza jinsi fedha za kampuni ya Bharat Insurance zilivyotumika nje ya kazi yake. Alifuata fedha kutoka kampuni moja hadi nyingine, akataja takwimu moja baada ya nyingine, wabunge wakinyamaza. Dalmia aliishia kizimbani na baadaye gerezani. Na mwezi Januari 1956 serikali ilitoa amri ya kuzichukua kampuni zote za bima ya maisha. Ilikuwa tayari na mpango huo, lakini hotuba ile iliifungulia njia. Kampuni na vyama 245 vikaunganishwa kuwa shirika moja la umma, LIC, yaani Shirika la Bima ya Maisha la India, lililoanza kazi tarehe 1 Septemba 1956 kwa mtaji wa rupia milioni 50 kutoka serikalini. Msomaji wa Nairobi anayeijua kampuni ya Kenindia ajue kwamba LIC ni mmoja wa wenye hisa humo. Shirika hilo limefika hadi kwetu.

Katika mwaka huo huo wa 1956 alifanya jambo la pili, ambalo mimi nadhani ni kubwa kuliko kumng'oa waziri. Katiba ya India, ibara ya 105, inamkinga mbunge: akisema ukumbini hawezi kushtakiwa kwa alichosema. Gazeti lililoripoti maneno yale yale halikuwa na kinga hiyo kwa sheria. Dalmia hangeweza kumshtaki Feroze, lakini mhariri aliyechapa hotuba ya Feroze neno kwa neno angeweza kujikuta mahakamani kwa kashfa. Fikiria maana yake. Bunge linasema ukweli, na ukweli huo unafungiwa ndani ya kuta za Bunge. Feroze, mtu wa magazeti, aliona kwamba mbunge anayesikika na wabunge wenzake tu amefanya nusu ya kazi.

Akaleta muswada binafsi, yaani unaoletwa na mbunge asiye waziri. Wewe unajua miswada ya namna hiyo inavyoishia: Ijumaa jioni, ukumbi nusu mtupu, waziri anashukuru kwa wazo zuri na kuomba liondolewe. Tangu uhuru hadi leo, miswada binafsi iliyokuwa sheria nchini India ni 14 tu, na wa mwisho ulipita mwaka 1970. Wa Feroze ni mmojawapo. Ulisema kwamba chombo cha habari kikichapa taarifa ambayo kwa kiini chake ni ya kweli juu ya mwenendo wa Bunge, bila nia mbaya na kwa manufaa ya umma, hakishtakiwi. Redio nazo ziliingizwa humo. Watu wakaiita Sheria ya Feroze Gandhi.

Sasa tufike kwenye swali lako lenyewe.

LIC haikuwa imetimiza hata mwaka mmoja ilipopata jaribu lake la kwanza. Alikuwapo mfanyabiashara wa Calcutta, Haridas Mundhra, mtu wa kuchezea bei za hisa, ambaye mwaka 1957 alikuwa amebanwa na madeni. Juni mwaka huo LIC ilinunua hisa za kampuni sita zenye mkono wake, kwa jumla ya takriban rupia milioni 12.4. Kiasi hicho kwa wakati ule kilikuwa kizito, lakini kilichonikaa mimi ni namna ilivyofanyika. LIC ilikuwa na kamati ya uwekezaji, iliyowekwa kwa ajili ya maamuzi kama haya. Haikuulizwa. Hisa hazikununuliwa sokoni kama zinavyonunuliwa hisa nyingine. Zilinunuliwa kwa mapatano na Mundhra mwenyewe, kwa bei iliyozidi ya soko, kwa haraka, na maofisa wakubwa wa Wizara ya Fedha wakiwa ndani ya mazungumzo. Yaani fedha za wajane na mayatima wa kesho zilimwokoa mcheza kamari wa leo.

Habari zikaanza kuvuja magazetini. Septemba 1957 likaulizwa swali bungeni: je, LIC imenunua hisa kwa wingi katika kampuni za Mundhra? Jibu lilikuwa la kukwepa. Hapa, mwalimu, nikaribie kidogo, maana ndipo ilipo kazi yenyewe. Waziri anapojibu kwa kukwepa, mbunge wa kawaida huona ameshindwa, anakaa. Mbunge anayejua kazi huona amepewa kitu: sasa kuna maneno ya serikali kwenye hansadi, yana tarehe, na hayawezi kufutwa. Feroze alirudi tena na swali, Novemba. Jibu jingine likaandikwa. Akayaweka majibu hayo kando ya bei za hisa na kando ya barua na tarehe, akaomba mjadala.

Mjadala ulikuwa tarehe 16 Desemba 1957. Alipoanza alimwambia Spika kwamba leo kutakuwa na kupiga shabaha na kupigana kwelikweli ukumbini, kwani yeye akipiga hupiga kwa nguvu na hutarajia kupigwa kwa nguvu zaidi. Na anajua kabisa upande wa pili nao una shehena tele ya TNT, ile baruti kali. Wabunge walilielewa neno hilo. Waziri wa Fedha, T. T. Krishnamachari, mtu mwenye akili kali na ulimi mkali, nchi nzima ilimwita TTK.

Kisha akaacha mzaha. Alisema Bunge ndilo lililolizaa shirika hili, kubwa kuliko taasisi zote za fedha lilizowahi kuunda, kwa hiyo Bunge ndilo linalopaswa kulichunga. Baada ya hapo ni karatasi. Hisa hizi zilinunuliwa siku gani? Siku chache kabla ziliuzwa kwa bei gani? Kwa nini kamati haikukaa? Kwa nini zinunuliwe kwa mtu mmoja, na si sokoni? Ulisema hivi Septemba, ukasema vile Novemba. Lipi ni la kweli? Ukiisoma hotuba ile leo utashangaa jinsi ilivyo na matusi machache. Hakumwita TTK mwizi. Hakuwa na ushahidi kwamba TTK alikula hata rupia moja, na hakudai hivyo, na hata leo hakuna aliyeuleta. Alimtaka ajibu tu. Na kwa kuwa sheria ya 1956 ilikuwa ipo, kesho yake asubuhi nchi nzima ilikuwa ikiyasoma maswali hayo kwenye magazeti, na hakuna mhariri aliyehitaji kumuuliza wakili kwanza.

Serikali haikuwa na pa kutokea. Ingekuwa hoja ya upinzani, ingepigwa kura ikaishia hapo; Congress ilikuwa na wingi mkubwa. Lakini huyu alikuwa anazungumza kutoka viti vya serikali, na wenzake wa chama walikuwa wakimsikiliza. Hapo ndipo penye jibu la swali lako la pili. Mbunge wa upinzani akisema, chama tawala hufunga safu. Mbunge wa chama tawala mwenye nyaraka akisema, safu yenyewe huanza kugeuka nyuma kutazama. Nehru angeweza kumzima mkwe wake kwa njia nyingi. Ikaundwa tume.

Mwezi Januari 1958 akateuliwa M. C. Chagla, Jaji Mkuu wa Mahakama Kuu ya Bombay, kuwa tume ya mtu mmoja. Chagla aliamua kusikiliza hadharani. Watu walifurika, ukumbi ukawa mdogo, vikawekwa vipaza sauti nje ili waliokosa nafasi wasikie. Fikiria Bombay ya mwaka ule: makarani na wauza duka wamesimama barabarani, wanamsikiliza Katibu wa Wizara ya Fedha, H. M. Patel, akihojiwa juu ya fedha zao za bima, na baada yake Waziri mwenyewe. Ubishi ukawa juu ya jambo moja kubwa: Katibu anasema Waziri alijua na aliridhia; Waziri anasema hakutoa idhini. Chagla alimaliza kazi yote kwa siku 24. Kwa wale waliozoea tume zinazokaa miaka, narudia: siku 24.

Ripoti yake ilisema kitu ambacho walimu wa sheria wanakifundisha hadi sasa. Waziri hawezi kujificha nyuma ya maofisa wake. Akiwa amejua au hakujua, kilichofanywa na Katibu wake kwa jina la Wizara ni chake mbele ya Bunge. Februari hiyo hiyo TTK akajiuzulu. Nehru aliumia, na hakuficha. Katika kukubali kujiuzulu kwake alimwandikia kwamba anaamini sehemu yake katika jambo lile ilikuwa ndogo kabisa. Akachukua Wizara ya Fedha mwenyewe, na siku ya mwisho ya Februari 1958 Waziri Mkuu wa India alisimama kusoma bajeti, kwa sababu mkwe wake aliuliza swali. Mundhra alifungwa.

Wanafunzi wako wakikuuliza kama kuna kwetu aliyewahi kuondoka kwa kanuni hiyo, wakumbushe Ali Hassan Mwinyi, aliyejiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani mwaka 1977 kwa sababu ya watu waliofia mikononi mwa vyombo vya dola kule Shinyanga, ingawa hakuna aliyesema mkono wake ulikuwamo. Ni kanuni ile ile.

Kuna wanaosema Feroze alifanya yote haya kwa chuki ya kifamilia, kumkomoa Nehru. Sikubaliani nao. Kama ingekuwa hivyo angemlenga Nehru, na hakumlenga. Tena chukua mfano wa Tata. Ukoo wa Tata ni Waparsi kama yeye, fahari ya jamaa zake wote. Feroze aliposoma kwamba kampuni yao ya TELCO inaiuzia serikali injini za reli kwa bei karibu mara mbili ya injini ya Kijapani, alisimama akataka kampuni hiyo itaifishwe. Waparsi walimkasirikia sana. Mtu mwenye kisasi na mkwe wake hana haja ya kujichongea kwa watu wa dini yake.

Na mwaka 1959 alipinga jambo lililomgusa nyumbani kabisa. Jimbo la Kerala lilikuwa limechagua serikali ya Wakomunisti mwaka 1957, ikiongozwa na E. M. S. Namboodiripad. Indira alikuwa sasa mwenyekiti wa Congress na alikuwa mstari wa mbele kutaka iondolewe, na mwisho wa Julai 1959 serikali kuu ikaivunja. Feroze alipinga waziwazi: serikali iliyoingia kwa kura itoke kwa kura. Alikuwa akimpinga mkewe, si baba mkwe tena.

Umeuliza alipata nini. Hakupata wizara. Alirudishwa Rae Bareli kwenye uchaguzi wa 1957 na alikufa akiwa mbunge tu. Moyo ulimsumbua mwaka 1958, akapata nafuu, wakaenda Kashmir na mkewe na watoto, na marafiki waliona kama nyumba inarudi. Lakini tarehe 8 Septemba 1960, siku nne kabla ya kutimiza miaka 48, moyo ulisimama katika hospitali ya Willingdon, New Delhi. Indira alikuwa ametoka Kerala usiku ule akawahi kukaa naye. Mwili ulichomwa kwa taratibu za Kihindu, na sehemu ya majivu ikazikwa kwenye makaburi ya Waparsi Allahabad, mji aliokulia. Inaelezwa kwamba Nehru alishangaa kuona umati uliojitokeza.

Baada ya hapo hadithi inageuka, na hii sehemu ndiyo inayoniuma. Kiti cha Rae Bareli baadaye kilikuwa cha Indira, aliyekuwa sasa Waziri Mkuu. Ni kesi ya uchaguzi wa jimbo hilo hilo iliyoifanya Mahakama Kuu ya Allahabad imvue ubunge tarehe 12 Juni 1975, na usiku wa tarehe 25 Juni Hali ya Hatari ikatangazwa. Wapinzani wakawekwa ndani, magazeti yakapitishwa kwa mkaguzi kabla ya kuchapwa. Na katika kipindi hicho serikali yake ikaifuta sheria ya 1956. Ile ile. Sheria ya mumewe, iliyoruhusu mhariri kuchapa kilichosemwa bungeni bila hofu. Nimeisoma amri ile ya kufuta mara nyingi. Ni kurasa chache za lugha kavu ya kisheria, na jina la Feroze halimo.

Machi 1977 Indira alishindwa uchaguzi, yeye mwenyewe akipoteza Rae Bareli. Serikali mpya ya chama cha Janata iliirudisha sheria hiyo mwaka huo huo, na mwaka 1978 kinga hiyo ikaingizwa kwenye Katiba yenyewe, ibara ya 361A, ili isifutwe kirahisi tena. Na Waziri wa Fedha katika serikali iliyoirudisha alikuwa nani? H. M. Patel, yule yule Katibu aliyehojiwa na Chagla huku vipaza sauti vikirusha majibu yake barabarani. TTK naye alikuwa ameshasamehewa zamani. Nehru alimrudisha kwenye baraza mwaka 1962, na akawa Waziri wa Fedha kwa mara ya pili.

Ukitaka kulifundisha darasani, mwalimu, usianze na hotuba ya Desemba. Wape kwanza swali la Septemba 1957 na jibu lake la kukwepa, uwaambie kila mmoja aandike swali moja la nyongeza, fupi, lisiloweza kujibiwa kwa "ndiyo" wala "hapana". Wakishamaliza ndipo uwasomee alichouliza Feroze.